Unaoza Kesho, Uchore Leo

Kuchora uyoga kwa undani ni sanaa ya watu wenye subira na macho makali. Ina mapenzi ndani yake, ina majina yaliyosahaulika, na kosa dogo tu linaweza kumpeleka mtu kaburini.

Wabongo tuna msemo wetu. Kitu kikiongezeka kwa kasi, tunasema kimeota kama uyoga. Saluni za Mikocheni zimeota kama uyoga. Baa, maduka ya simu, apatimenti za ghorofa, zote uyoga mtupu. Lakini hebu nikuulize msomaji wangu: uyoga wenyewe umeshawahi kuutazama? Namaanisha kuchuchumaa na kuukodolea macho dakika kumi nzima, kama unavyokodolea picha za harusi ya shoga yako.

Wengi wetu hatujawahi. Mvua ya masika inapiga usiku, asubuhi uyoga umechomoza kwenye nyasi pembeni ya ukuta, na wewe una haraka ya kutoka kabla foleni ya Barabara ya Mwai Kibaki haijakaza. Mchana jua limeshaunyausha, au kijana wa bustani amepitisha fagio. Kesho yake hakuna kitu.

Kumbe wapo watu waliotumia miaka mingi ya maisha yao kwa kazi hiyo hiyo ya kuchuchumaa na kutazama, penseli mkononi na brashi pembeni. Kazi zao zimo kwenye vitabu vya sayansi mpaka leo. Na usidhani ni wazungu wenye ndevu peke yao. Wengi wao walikuwa akina mama.

Uyoga haungoji mtu

Ua unaweza kulibana katikati ya karatasi likakauka na bado ukalitambua. Kipepeo utamchoma pini. Kombe la baharini litakaa kabatini miaka mia. Uyoga je? Sehemu kubwa ya uyoga ni maji, kama asilimia 90 hivi. Ukiukausha unasinyaa kama zabibu kavu na rangi inapotea. Ukiuweka kwenye chupa ya spiriti umbo linabaki kiasi, lakini rangi inakwenda na maji. Ukiuacha mezani, kesho asubuhi umejaa funza na harufu yake we acha tu.

Kwa hiyo kabla picha za rangi hazijawa kitu cha kawaida, njia ya kuhifadhi rangi ya uyoga ilikuwa moja: mtu akae nao siku hiyo hiyo, auchore kwa ukubwa wake halisi, aupake rangi za maji, na aandike pembeni kila alichokiona na kukinusa. Mchoraji wa uyoga alikuwa anashindana na saa. Mchoraji wa sura za watu anaweza kukwambia urudi Jumanne ijayo. Uyoga haurudi Jumanne ijayo.

Madame wa Binga

Twende Kongo. Katika miaka ya 1920 na 1930, nchi ile ikiwa bado koloni la Ubelgiji, aliishi huko mwanamke ambaye vitabu vinamtaja kama Madame Goossens-Fontana. Moja ya sehemu alizokusanyia uyoga ni Binga, kaskazini magharibi mwa Kongo, kwenye msitu mnene na mvua nyingi. Huko ndiko uyoga unakoota kwa maumbo na rangi ambazo ukisimuliwa utasema ni chumvi.

Madame huyu alikuwa anaokota uyoga, anauchora na kuupaka rangi ungali mbichi, anaandika maelezo yake, kisha mzigo wote unasafirishwa kwa meli hadi Brussels, kwenye bustani ya mimea ya taifa. Huko mtaalamu aitwaye Maurice Beeli alifungua vifurushi. Fikiria anachokiona: vipande vilivyokauka, vya kahawia, vinavyofanana vyote kama nyama ya mbuzi iliyokaushwa. Na pembeni yake karatasi zenye manjano, zambarau na wekundu kana kwamba uyoga umechumwa asubuhi ile. Bila karatasi zile angekuwa kama mtu anayetafuta sura ya marehemu kwenye mifupa.

Beeli aliandika mfululizo wa makala za kisayansi na kuziita kwa jina la mama huyo, "Fungi Goossensiani", yaani uyoga wa Goossens. Kisha mwaka 1935 ikaanza kutoka kazi kubwa zaidi, "Flore iconographique des champignons du Congo", toleo baada ya toleo, kila moja na kurasa za picha za rangi zilizotokana na mkono wa Madame. Toleo la mwaka 1958 liliandikwa na Mfaransa Roger Heim, na lilihusu uyoga wa kwenye vichuguu. Ule ule ambao mikoani wanaujua vizuri kwa mchuzi wake mzito.

Sasa sikia hili. Mwanasayansi akiupa uyoga jina la Kilatini kwa heshima ya mtu, mwisho wa jina unaonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Ipo spishi inayoitwa Cantharellus goossensiae. Ile "ae" ya mwisho inasema: huyu ni mama. Kila mtaalamu anapotaja jina hilo, apende asipende, anamtaja mwanamke aliyekaa Kongo na sahani ya rangi.

Miss Potter na bwana posta

Kama umesoma hadithi za watoto za Kiingereza shuleni, huenda umekutana na sungura mtundu aitwaye Peter Rabbit. Aliyemwandika na kumchora ni Beatrix Potter, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1866 kwenye familia yenye uwezo. Wengi hawajui kwamba kabla ya sungura, mapenzi yake makubwa yalikuwa uyoga.

Familia yake ilikuwa ikienda Scotland wakati wa likizo. Huko alifahamiana na Charles McIntosh, bwana posta aliyekuwa akitembea maili nyingi kwa mguu kupeleka barua. Kwa kuwa macho yake yalikuwa njiani siku nzima, aliijua mimea na uyoga wa eneo lile kuliko wasomi wengi. Hawakuwa wapenzi, wala hadithi hii haielekei huko. Lakini palizaliwa ushirikiano mtamu: bwana posta anamtumia uyoga kwa posta, binti anaupaka rangi na kumrudishia mchoro.

Na bwana posta hakuwa mtu wa kusifu tu. Alimwelekeza binti huyu wa watu kwamba michoro yake ni mizuri lakini haitoshi kwa sayansi. Achore pia uyoga uliopasuliwa katikati, aonyeshe jinsi sehemu za chini ya kofia zinavyoshikana na shina. Beatrix hakununa. Alirekebisha, na michoro yake ikapanda daraja. Kuna wenzi wangapi leo wanaoweza kuambiana ukweli wa namna hiyo bila kulala mzungu wa nne?

Mwaka 1897 aliandika makala kuhusu namna spora za uyoga zinavyoota. Spora ni zile chembe ndogo kama vumbi ambazo uyoga huzitumia kuzaliana. Makala ilipelekwa kwenye chama cha wanasayansi cha London, Linnean Society. Tatizo? Wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria vikao. Ikabidi mwanamume, George Massee, aiwasilishe kwa niaba yake. Baadaye makala iliondolewa bila kuchapishwa, na nakala yake haijulikani ilipo. Ilimchukua chama hicho hadi mwaka 1997, miaka 100 baadaye, kukiri hadharani kwamba hakutendewa haki.

Maisha yakaendelea. Kitabu cha sungura kilitoka mwaka 1902 na kumpa fedha zake mwenyewe. Mwaka 1905 alichumbiwa na Norman Warne wa kampuni iliyochapisha vitabu vyake, wazazi wakipinga kwa kuwa bwana alikuwa mtu wa biashara. Mwezi mmoja hivi baadaye Norman alifariki. Beatrix aliolewa mwaka 1913 na mwanasheria William Heelis, akiwa na umri wa miaka 47. Alifariki mwaka 1943. Miaka 24 baada ya kifo chake, mwaka 1967, michoro yake 59 ya uyoga ilitumika kwenye kitabu cha kutambua uyoga wa Uingereza. Makala ilipotea, lakini michoro ilibaki na ikafanya kazi.

Kila mstari una sababu

Ukiitazama michoro ya namna hii kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni urembo tu. Si kweli. Kila kanuni ya sanaa hii ipo kwa sababu bila hiyo mtu anaweza kula kifo. Nikupe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni mguu wa chini. Katika jamii ya uyoga iitwayo Amanita, upo unaoliwa kwa raha, kama Amanita zambiana ambao majirani zetu wa Zambia na Malawi wanaupenda sana. Humo humo yumo muuaji anayeogopwa dunia nzima, Amanita phalloides. Dalili mojawapo ya jamii hii ni kifuko kama kikombe kinachozunguka tako la shina, na mara nyingi kimejificha ardhini. Ukiung'oa uyoga kwa kuukata juu ya udongo, ushahidi umeuacha shimoni. Ndiyo maana mchoraji huuchimba kwa kisu na kuuchora mpaka chini kabisa.

Mfano wa pili ni umri. Kwenye nyasi za bustani za nchi zenye joto, kwetu pia, huota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia. Kitaalamu unaitwa Chlorophyllum molybdites. Ukigeuza kofia utaona vikunjo vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Ungali mchanga, kurasa hizo ni nyeupe na uyoga unapendeza kama wa kula. Ukikomaa zinageuka kijani. Ukiula, utatapika na kuharisha mpaka uite majina ya babu zako. Mchoro wa uyoga mmoja mchanga ungekudanganya. Kwa hiyo mchoraji makini huweka kwenye karatasi moja mtoto, kijana na mzee.

Mfano wa tatu ni yale yasiyoonekana juu. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka ardhini mpaka kwenye bustani ambayo mchwa wenyewe wanailima. Ndiyo, mchwa ni wakulima! Ukichora kofia peke yake umechora nusu ya hadithi.

Na sumu ya yule Amanita muuaji ina ujanja mbaya. Mtu anakula, analala vizuri. Dalili huanza baada ya saa 6 hadi 24. Anatapika na kuharisha, kisha anapata nafuu, ndugu wanamshukuru Mungu, kumbe ini linaendelea kufa taratibu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Na zile mbinu za mitaani za kuchemsha na kijiko cha fedha, kuweka kitunguu, au kuangalia kama konokono ameula, zote ni hadithi. Mtu akila uyoga na kuugua, mkimbize hospitali hata kama anasema ameshapona, na mchukue mabaki ya uyoga huo.

Kwani simu haitoshi?

Swali zuri. Simu yako inapiga picha kali kuliko kamera za studio za zamani. Piga, hakuna anayekukataza. Lakini picha inanasa uyoga mmoja, upande mmoja, kwenye mwanga wa dakika hiyo. Mchoro unaweza kukusanya kofia kwa juu, kurasa kwa chini, shina lililopasuliwa, mtoto na mzee, vyote pamoja kwa kipimo kimoja. Mchoraji pia anaacha jani lililoziba na tope lililoruka, anabakiza kinachotambulisha.

Tena kuna programu za simu zinazodai kutambua uyoga kwa picha. Kwa kujifurahisha sawa. Kwa sufuria, hapana. Picha haioni kifuko kilichobaki ardhini.

Na kuna faida nyingine ambayo haihusiani na sayansi. Ukipiga picha unatumia sekunde moja na kuendelea na safari. Ukichora unalazimika kujibu maswali: hii kahawia ni ya chai ya maziwa au ya mbuni? Shina linanenepa chini au juu? Kurasa zinafika kwenye shina au zinaishia njiani? Saa moja baadaye unajua vitu ambavyo hukujua kama havijui macho yako.

Hapa nyumbani

Tanzania nayo haijakaa kimya. Mwaka 1977 mtaalamu wa bustani za Kew, London, David Pegler, alitoa kitabu kuhusu uyoga wa Afrika Mashariki chenye michoro ya mistari. Mwaka 2003 kikatoka "Tanzanian Mushrooms", kazi ya Wafini wawili, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, pamoja na Mtanzania Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu hicho kina picha za rangi, na sehemu kubwa ya maarifa yake yalitoka kwa wanavijiji, hasa akina mama, ambao wamekuwa wakitofautisha uyoga wa kula na wa kuua tangu enzi za bibi zao.

Na hapa ndipo pa kuangalia vizuri. Uyoga mwingi mtamu wa misitu yetu ya miombo, ule wa manjano unaouzwa barabarani msimu wa mvua, hauoti peke yake. Umeshikana na mizizi ya miti ya miombo, wanalishana. Mti ukikatwa, uyoga wake nao unaondoka. Na miti hiyo inakatwa, pamoja na mengine, kwa ajili ya mkaa, ule ule unaochoma mishikaki yetu ya Ijumaa jioni. Yule mama akizeeka bila kumrithisha mtu, na msitu ukiisha, kitakachobaki ni kile kilichoandikwa na kuchorwa tu.

Jaribuni wikiendi hii

Huhitaji kuwa msanii. Ni burudani ya bei nafuu kwa wawili, mmoja anachora, mwingine anapima na kuandika. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, au vuli, Oktoba hadi Desemba, ndio wakati wake. Na weka sheria moja: tunachora, hatuli.

1. Anzia bustanini kwako. Mkinogewa, nendeni misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe. Fuateni taratibu za hifadhi na mchukue mwongozaji.

2. Beba penseli ya HB, kifutio, rula, boksi dogo la rangi za maji, brashi mbili, karatasi nzito, kisu na lenzi ya kukuzia.

3. Kabla ya kuchimba, andika tarehe, mahali, mti ulio karibu, harufu na rangi. Rangi kwanza, maana ndiyo inayokimbia.

4. Chimba mpaka chini. Pima kwa rula na uchore kwa ukubwa ule ule. Pasua mwingine katikati na uchore ndani. Ukiona nyama inabadilika rangi baada ya kukatwa, andika inageuka kuwa nini na baada ya dakika ngapi.

5. Anza na rangi hafifu yenye maji mengi, subiri ikauke, ongeza tabaka. Weupe wa uyoga ni karatasi yenyewe, usipake rangi nyeupe.

6. Usiku, kata kofia, ilaze juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, funika na glasi. Asubuhi utakuta spora zimechora duara lenye mistari kama jua. Nyeupe, waridi, kahawia au kijani: rangi hiyo ni moja ya vitambulisho muhimu kuliko vyote.

7. Nawa mikono.

Ukitaka kuona wachoraji wakiwa kazini, huna haja ya kwenda mbali. Nafasi Art Space ipo hapa hapa Mikocheni tangu mwaka 2008. Na ukisafiri mikoani ukakuta mama ameweka ndoo ya uyoga barabarani, simamisha gari. Mwamkie shikamoo, nunua kidogo, kisha muulize anautambuaje, na jina lake kwa kilugha ni lipi. Andika jina hilo pembeni ya mchoro, lina thamani sawa na lile la Kilatini.

Mwisho, kwenye kona ya chini ya karatasi, andikeni majina yenu wote wawili. Aliyechora na aliyeshika rula.